Mistari miwili ambayo mzee hakuiimba: uchambuzi wa kisa kutoka Hawaii

Kisa hiki kinahusu chuo kimoja cha hula katika visiwa vya Hawaii, wimbo mmoja wa kale, na familia iliyousikia wimbo huo ukichezwa bila wao kuulizwa. Majina ya watu, kisiwa, mwaka na jina la wimbo vimeondolewa, na maneno ya wimbo wenyewe hayamo humu; msomaji ataona sababu. Nimekiandika kwa ajili ya wenzangu wanaofanya kazi na nyimbo na masimulizi ya wazee, hasa wale ambao siku hizi huanzia kwenye kanda na magazeti ya zamani kabla hawajabisha hodi kwa mtu.

Usuli

Anayeijua hula kwa picha za watalii pekee inafaa ajue kwanza kwamba ndani yake maneno ndiyo yanayotangulia. Kuna utungo, unaoitwa mele. Mikono huufasiri, miguu huubeba. Pasipo utungo hakuna hula, hata kiuno kikizungushwa namna gani. Katika hula ya kale, kahiko, hakuna gitaa wala ukulele. Kuna sauti ya mwimbaji na mapigo ya ngoma au ya ipu heke, chombo cha vibuyu viwili vilivyounganishwa shingoni: kinagongwa chini kutoa mlio mzito, kisha kinapigwa ubavuni kwa vidole kutoa mlio mwepesi. Chuo huitwa halau, na mwalimu mkuu huitwa kumu.

Njia ya kurithishana nyimbo hizi ilikatika vibaya. Wamisionari walifika mwaka 1820, na mwaka 1830 Kaahumanu, mama mtawala aliyekuwa ameupokea Ukristo, akapiga marufuku hula hadharani. Mfalme Kalakaua aliirudisha kwa kishindo katika sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883 na za kutimiza miaka 50 mwaka 1886. Lakini ufalme ulipinduliwa mwaka 1893, na mwaka 1896 sheria ikaweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia mashuleni. Kihawaii kilikuja kutambuliwa na katiba kuwa lugha rasmi mwaka 1978, wakati wazungumzaji wa kuzaliwa nacho walikuwa wamebaki wachache na wazee.

Ndiyo maana kumu wa leo akitafuta utungo wa kale huenda kwenye hifadhi. Ziko kanda: Mary Kawena Pukui wa Makumbusho ya Bishop, Honolulu, alizunguka visiwani na mashine ya kurekodi akiwasikiliza wazee. Yako pia magazeti ya Kihawaii yaliyochapishwa kuanzia 1834 hadi 1948, kurasa zaidi ya laki moja, yamejaa tungo, maombolezo, visasili na ugomvi. Hilo la ugomvi tutalirudia.

Halau inayohusika ilikuwa na wachezaji wapatao thelathini: wauguzi, walimu, dereva wa basi, wanafunzi wa chuo. Kumu wao, mwanamke wa makamo, alikuwa amefundishwa miaka mingi na mwalimu wake mpaka akapitishwa kwenye uniki, sherehe ya kuhitimu, na hakuna aliyetilia shaka haki yake ya kufundisha. Nalitaja hili mapema ili msomaji asidhani tunamjadili mtu asiyejua kazi yake.

Utungo wenyewe

Ulikuwa mele inoa, wimbo wa jina. Nyimbo za aina hii hutungwa kumtukuza mtu mmoja, na hula ikiisha wachezaji hulitaja jina hilo kwa sauti kuu, "He inoa no…", wote kwa pamoja. Wimbo wa jina ni mali ya mwenye jina, hata kama mtungaji ni mwingine.

Utungo huu unamsifu mwenye jina kwa kumweka ndani ya kisa cha Pele na Hiiaka, na bila kukijua kisa hicho mengine yote yatakuwa fumbo. Pele, mungu wa kike wa volkano anayekaa Halemaumau, kwenye kilele cha Kilauea, alilala usingizi, roho yake ikaifuata sauti ya ngoma hadi kisiwa cha Kauai. Huko akampenda Lohiau. Alipoamka akamtuma Hiiaka, mdogo wake kipenzi, amletee mwanamume huyo ndani ya siku arobaini. Hiiaka alikubali kwa sharti moja: dada yake ailinde misitu ya lehua, maua ya mti wa ohia, iliyoko wilaya ya Puna, pamoja na Hopoe, rafiki aliyemfundisha kucheza hula ufukweni. Safari ikawa ndefu, yenye mazimwi, na Lohiau akakutwa amekufa, ikabidi afufuliwe. Siku zilipopita Pele akashikwa na wivu, akaiteketeza misitu, akamteketeza na Hopoe. Hiiaka alipofika ukingoni mwa shimo la moto na Lohiau, akajua kilichotendeka. Akamkumbatia Lohiau palepale, dada yake akiona.

Kwa hiyo mtunzi akimweka mtu katika Puna, upepo ukivuma na lehua zikichanua, msikilizaji wa Kihawaii hasikii mandhari tu. Anajua moto unakuja, na anajua nani ameuwasha. Mtunzi anaweza kusema juu ya ugomvi wa ndugu bila kumtaja ndugu yeyote. Maana hii ya chini kwa chini, kaona, ndiyo raha ya tungo hizi, na ndiyo hatari yake.

Mambo yalivyokwenda

Kumu aliupata wimbo kwenye kanda ya katikati ya karne ya 20. Mzee mmoja anauimba nyumbani kwake. Kadi ya maelezo ilikuwa na jina la mzee, kijiji chake, na jina la mtawala wa karne ya 19 ambaye wimbo ulisemwa kuwa wake. Katikati, kati ya ubeti wa nne na wa tano, mzee anasita. Anasikika akikohoa, kikombe kinagusa meza, kisha anaendelea.

Baadaye kumu akaukuta utungo huohuo katika gazeti la karne ya 19, karibu neno kwa neno. Hapo mzee alipokohoa, gazeti lilikuwa na mistari miwili zaidi. Kwa mtu aliyefundishwa kulinganisha nakala, hii ni bahati: pengo huku, kiraka kule. Aliamini mzee alisahau. Akairudisha mistari miwili, akaipangia miondoko ambayo kwa maoni ya kila aliyeiona ilikuwa kilele cha hula nzima, akapeleka maandishi kamili kwa waandaaji wa mashindano ya hula ambayo halau ilikuwa inajiandaa kushiriki, ambao huyataka mapema ili majaji wajiandae.

Wiki chache kabla ya mashindano, mchezaji mgeni akaweka mtandaoni kipande kifupi cha video ya mazoezi. Binti mmoja anayeishi Marekani bara akakiona. Hakuujua wimbo, hajawahi kufundishwa. Alichokitambua ni jina la mahali likifuatwa na jina la mtu, jina ambalo bibi yake analo. Akamtumia bibi. Siku chache baadaye kumu akapata ujumbe wa adabu kabisa ukiuliza wimbo ameutoa wapi na nani alimruhusu.

Kumu alipewa ushauri wa aina tatu. Rafiki yake mwanasheria alimwambia hana kesi ya kujibu: mtunzi amekufa zaidi ya karne iliyopita, gazeti halina tena hakimiliki, kanda iko wazi kwa umma. Wachezaji waandamizi walitaka wimbo uachwe, wachukue mwingine wanaoujua tayari. Wengine walisema aandike barua ya kuomba radhi na kuambatanisha nakala za kanda na gazeti, familia ione kwamba hakuiba.

Alikataa yote matatu. La mwanasheria alilikataa kwa sababu lilijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. La kuacha wimbo kimyakimya lilimvutia kidogo, lakini aliona lingeiacha familia bila jibu na watu thelathini wakiwa na wimbo vichwani mwao. Barua yenye vielelezo aliiona ni utetezi uliovaa nguo za kuomba radhi. Akaamua kwenda mwenyewe.

Alikwenda na mchezaji mmoja mtu mzima, wakibeba chakula na zawadi iliyofungwa katika majani ya ti, kama desturi ilivyo. Mlangoni hakubisha. Alisimama akaimba utungo wa kuomba kuingia, ule unaosimuliwa kwamba Hiiaka aliuimba Wailua, Kauai, na ambao wanafunzi wa hula huuimba hadi leo mbele ya mlango wa halau. Kwa desturi aliye ndani hujibu kwa utungo wa kukaribisha. Hakuna aliyejibu. Kijana mmoja alifungua mlango akasema, "Bibi anasema ingieni, mvua inakuja."

Bibi, ambaye kumu alimwita Tutu kama watoto wa nyumba ile wanavyomwita, hakutaka maelezo. Alitaka kusikia. Kumu akaimba, akijipigia kibuyu polepole. Alipofika kwenye ile mistari miwili, bibi akanyanyua mkono.

Mzee wa kwenye kanda alikuwa mjomba wake. Hakusahau. Mistari ile inagusa tendo la dada mmoja kwa mwingine katika ukoo wao, na aliyeipeleka gazetini zamani zile alikuwa wa upande mmoja wa ugomvi huo, kwa nia ya kuumiza. Upande uliobaki na wimbo ulikubaliana usiimbwe tena kwa mistari hiyo mbele ya watu wa nje. Mashine ya kurekodi ilihesabiwa kuwa mtu wa nje. Zaidi ya hapo bibi hakusema, na kumu hakuuliza.

Walichoamua, na kwa nini

Kuondoa mistari miwili lilikuwa jambo la dakika moja. Kazi ilikuwa nini kikae mahali pake. Kumu alipendekeza kibuyu kipige peke yake kwa urefu wa mistari hiyo, wachezaji wakiendelea kwa miguu, mikono imetulia. Ni pendekezo la msanii, na kwenye karatasi linapendeza. Bibi alilikataa. Mjomba wake aliweza kukohoa, alisema, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akihesabu. Kundi zima likinyamaza mbele ya maelfu ya watu ni sawa na kunyoosha kidole. Pengo lishonwe lisionekane. Walilishona. Hatua zilizokuwa zianzie kulia zikaangukia kushoto, na beti zote zilizofuata zikapangwa upya ndani ya muda mfupi ambao haukutosha.

La pili lilikuwa jina la kuitwa mwishoni. Hapa kumu alikuja na zawadi ambayo hakuna aliyeiomba. Alijitolea kuacha jina la mtawala lililo kwenye kadi na kuita jina la mwanamke wa ukoo ule, ambaye wimbo ulitungwa kwa ajili yake kwanza. Bibi akakataa tena. Wimbo ulitungiwa bibi mzaa bibi, ndiyo, lakini baadaye ukoo wenyewe ulimpa mtawala kama zawadi, jambo lililokuwa la kawaida enzi za Kalakaua, na zawadi ikishatolewa haidaiwi. Jina la mtawala likabaki.

La maua lilikwisha haraka. Wimbo unataja lehua, lakini kumu alikuwa ameamua tangu mwanzo kutotumia lehua halisi. Ugonjwa wa kuvu ulioanza kuonekana Puna mwanzoni mwa miaka ya 2010 umeua miti ya ohia kwa malaki, na halau nyingi zimeacha kuchuma maua yake zisije zikaueneza. Wachezaji walivaa mataji ya majani ya palapalai. Bibi alisema vizuri.

Masharti ya mwisho yalikuwa mawili: ruhusa ni ya mashindano hayo tu, na halau yenyewe isirekodi. Video ya mchezaji mgeni iondolewe.

Matokeo

Halau ilicheza. Haikupata nafasi yoyote ya juu. Maandishi yaliyokuwa mikononi mwa majaji yalisahihishwa kwa barua fupi isiyotoa sababu, na waandaaji waliikubali, lakini maoni ya jaji mmoja yalisema ubeti wa tano unaanza kwa ghafla. Ndivyo ulivyoanza.

Video iliondolewa baada ya kuwa imesambazwa. Ndani ya familia, binamu wa bibi alikasirika, si kwa sababu ya mistari bali kwa sababu bibi alitoa ruhusa bila kuwauliza wengine. Hawajapatana vizuri hadi leo. Wajukuu wawili, mmoja wao yule binti wa bara, waliomba kufundishwa wimbo. Anayewafundisha ni bibi. Kumu alialikwa kuwapigia kibuyu tu.

Hifadhi iliyotunza kanda ilikubali kuongeza maelezo kwenye kadi kwamba wanaotaka kuutumia wimbo wawasiliane kwanza na familia. Haikukubali kuifunga kanda, kwa kuwa fomu aliyotia saini mzee mwenyewe inaruhusu umma kusikiliza.

Uchambuzi

Kosa la msingi halikuwa la adabu. Lilikuwa la usikilizaji. Rudini kwenye kanda: mzee anakohoa, kikombe kinagusa meza, kisha anaingia ubeti wa tano kwa sauti ileile, kwa kiwango kilekile, bila kurudi nyuma. Mwimbaji aliyesahau hafanyi hivyo. Hurudi mwanzo wa ubeti ili kumbukumbu imsukume, hujaribu, hucheka, humwomba radhi anayerekodi. Ushahidi kwamba pengo lilikuwa la makusudi ulikuwa ndani ya sauti yenyewe, lakini ulipimwa kwa macho ya mtu mwenye gazeti mkononi. Gazeti likishakuwa na mistari miwili zaidi, kila anayeiacha anaonekana kapungukiwa.

Hili linatokea mara nyingi kuliko tunavyokiri. Tumezoea kuamini kwamba nakala ndefu ndiyo kamili, na kwamba maandishi ya zamani zaidi ni bora kuliko sauti iliyorekodiwa baadaye. Kwa tungo za mdomo, mzee anayechagua nini amwimbie mgeni anafanya kazi ya uhariri, na uhariri huo ni sehemu ya anachorithisha. Hapa mchapishaji wa karne ya 19 alikuwa na nakala ndefu kwa sababu aliyemletea alitaka kumchafua mtu.

Lakini nisingependa msomaji aondoke na dharau kwa karatasi. Kadi ya hifadhi, ambayo kumu alikuwa tayari kuisahihisha ili kuifurahisha familia, ndiyo iliyokuwa sahihi kuhusu jina. Angeita jina la bibi mzaa bibi, angekuwa amevunja ahadi ya ukoo mbele ya watu, kwa nia njema kabisa. Namna pekee ya kujua karatasi ipi inasema kweli ilikuwa kuuliza.

Je, angeweza kuuliza mapema? Naam. Jina la mzee na kijiji chake vilikuwa kwenye kadi, na katika visiwa vidogo vile mtu hahitaji siku nyingi kufuatilia ukoo. Utaratibu wa halau ulikuwa kutafuta wimbo, kuusoma, kuupangia miondoko, kisha, ikiwezekana, kutafuta wenyewe. Mpaka wenyewe wapatikane, miili thelathini tayari imeshaujua wimbo, na kuomba ruhusa kumegeuka kuomba msamaha. Vilevile katazo la kurekodi mazoezi lilikuwepo, lakini lilikuwa la mdomo na mgeni hakuambiwa. Kwa watu wanaoishi kwa mdomo, ni uzembe wa kushangaza.

Kilichofaulu ni ile ziara, na hasa kwamba kumu alikwenda bila hoja ya kisheria mfukoni. Yapo maazimio ya Wahawaii wenyewe, lile la Paoakalani la 2003 na lile la walimu wa hula, Huamakahikina, la 2021, yanayosema wazi kwamba utamaduni huu una wenyewe wenye haki ya kuusimamia. Ni maandiko muhimu. Hayakuambii ubishe mlango upi, wala nani katika ukoo ana neno la mwisho. Nadhani binamu aliyekasirika ana hoja: bibi mmoja si ukoo, na kumu alilipokea neno lake haraka kwa sababu lilikuwa la ndiyo. Msomaji aliyewahi kusikia nyimbo za unyago zikipigwa kwa spika ukumbini, huku somo mmoja akitikisa kichwa na mwingine akicheka, atauelewa ugumu huu bila maelezo zaidi.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo si ndogo. Wazee waliokubali kurekodiwa walijua lugha inakufa, na baadhi walitaka hasa nyimbo ziwafikie watu wasiowajua. Kila wimbo ukisubiri kikao cha ukoo, nyingi hazitaimbwa tena. Na katika familia hii, kabla ya video ile, hakuna kijana aliyekuwa akiufahamu. Wachezaji wasiohusika ndio walioufanya usikike. Sioni namna ya kulikwepa hilo, na bibi mwenyewe hakulikwepa: ndiyo sababu alisema ndiyo.

Linalobaki wazi ni gazeti. Limeshawekwa mtandaoni pamoja na mengine yote, na mistari miwili inapatikana kwa yeyote anayejua kutafuta. Familia ilijadili kama iombe iondolewe, ikaona ombi lenyewe lingeitangaza. Tangu wakati huo kumu wa halau nyingine ameuliza kuhusu ubeti wa tano, akiwa tayari na nakala ndefu. Alipewa namba ya simu ya bibi.